Boila la Bi Hamdiya

Majira ya baridi ya mwaka 2004, siku ya maonyesho ya vifaa vya nyumbani, nusu ya Maskati ilikuwa imejazana ndani ya ukumbi na nusu nyingine ilikuwa nje ikizunguka kutafuta pa kuegesha gari. Humo ndani kulikuwa na majokofu ya milango miwili, majiko yanayojizima yenyewe, na bwana mmoja aliyekuwa akikata karoti kwa mashine huku akitokwa jasho kama anayehutubia taifa. Katikati ya msukosuko huo Rawya alihisi anavutwa kwa nyuma. Kugeuka, akaona pindo la abaya lake jipya, lile lenye nakshi za zambarau, limemezwa na gurudumu la kitoroli. Kitoroli kilikuwa kinasukumwa na kijana mrefu wa kanzu ya rangi ya maziwa, kofia ya darizi imemkaa upande, naye akitazama mbele kwa heshima zote kama kiongozi wa maandamano.

"Kaka," Rawya alimwambia, "unaondoka na mie, na nyumbani sijaaga."

Kijana akasimama, akaona alichokifanya, akapiga magoti palepale kati ya watu na kuanza kulikwamua pindo lile uzi baada ya uzi, kwa uangalifu wa daktari anayepasua moyo. Hakuinua macho hata mara moja. Rawya, ambaye ulimi wake ukoo mzima uliuogopa, alimuuliza kama anatoza kwa saa au kwa kazi. Hapo ndipo alipoinua macho, na hapo ndipo Rawya alipotamani angekaa kimya kidogo apate kuyatazama vizuri.

Mkasa huo ungeishia hapo lau si mama yake, Bi Hamdiya, aliyetokea nyuma na mfuko wa vitasa na kuliona sanduku jeupe lililokuwa juu ya kitoroli. Akashika kifua.

"Boila," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeonana na ndugu yake uwanja wa ndege.

Bi Hamdiya alitoka Unguja akiwa bi harusi na kuishi Leeds miaka chungu nzima kabla ya familia kuhamia Oman, na kitu pekee alichokilia alipoondoka Uingereza ni boila lililopasha nyumba joto. Watu wakimcheka. Maskati, mji ambao wakati wa kiangazi maji ya bomba la baridi yanatosha kuchemshia yai, mtu anataka kupasha nyumba? Lakini waliomcheka hawakuamka naye alfajiri ya mwezi wa kwanza kukanyaga marumaru ya chumba chake cha kusalia na magoti yale yenye baridi yabisi. Alimwambia kijana kwamba analitaka. Kijana akamweleza kwa adabu kwamba limeletwa kwa maonyesho tu, hakuna mtu Oman aliyewahi kulinunua kwa ajili ya sakafu yake. Bi Hamdiya akamjibu kwamba basi wamempata.

Kijana huyo aliitwa Khattab, mhandisi wa kampuni moja ya vifaa vya maji na gesi kule Rusayl. Kabla mwezi haujaisha, marumaru yaling'olewa, mabomba yakalazwa chini yake kama nyoka waliolala, na boila likatundikwa kwenye chumba cha kufulia, nyuma ya jiko, katika nyumba yao, mtaa wa Qurum. Likawashwa mbele ya majirani walioalikwa. Likaguna, likakohoa, likatoa kwenye kioo chake herufi F na namba moja, likazima.

"Hiyo F moja ndiyo salamu yake?" Rawya aliuliza.

Khattab alieleza kwamba F moja maana yake moto haukushika. Alikaa na kile kitabu cha maelekezo mpaka akaona tatizo: boila lilitengenezwa kwa gesi ya mabomba ya Kiingereza, na Maskati gesi ni ya mtungi uani. Kijitundu kinachopitisha gesi kilihitaji kubadilishwa. Akaagiza kingine, akakitia, moto ukashika, wakapiga makofi. Siku ya pili kioo kikaandika F tatu. Hiyo, alieleza kwa simu, ilikuwa maji hayana nguvu ya kutosha, kwa sababu hewa imebaki kwenye mabomba chini ya sakafu. Alikuja, akafungua vijikoki, hewa ikatoka kwa sauti ambayo Rawya, mwalimu wa kutegemewa na mwenye shahada, aliicheka hadi akaegemea ukuta.

Kila alipokuja alikaribishwa kahawa na halua barazani pa jikoni, mlango wazi, Bi Hamdiya akiwa pale na uradi wake, kama inavyotakiwa. Baada ya uradi Bi Hamdiya husinzia, kama inavyotakiwa pia. Wao wakapiga soga. Khattab ukoo wao ulirudi Oman kutoka Tabora, naye alizungumza Kiswahili cha bara, maneno yamenyooka kama yamepigwa pasi. Rawya akimwambia anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Yeye akijibu kwamba Waunguja wanaongea kama wana halua mdomoni, na kwamba hilo si tusi, yeye halua anaipenda.

"Unaipenda kiasi gani?" Rawya akauliza.

"Kiasi cha kuombea boila liharibike."

Kumbe dua hiyo ilikuwa na mwenyewe wa kuisikia. Maana hewa ilipotoka na maji yalipotulia, boila lilipona. Liliwaka alfajiri, likazima adhuhuri, sakafu ikawa vuguvugu, Bi Hamdiya akasujudu kwa raha na kumwombea Khattab mke mwema. Wiki ikapita bila hitilafu. Huo ndio uliokuwa msiba.

Alhamisi moja mchana, mama yake amelala, Rawya alitoka uani, akaifunga koki ya mtungi wa gesi, akarudi mbele ya boila na kuliwasha. Lilijaribu kuwaka, likajaribu tena, likakata tamaa: F moja. Akatoka, akaifungua koki, akajifunga shela vizuri kana kwamba simu ina macho, akapiga.

"Kioo kinasemaje?" Khattab aliuliza.

"F moja, maskini."

"Umebonyeza kitufe cha kuliwasha upya?"

"Kitufe kipi?" aliuliza Rawya, kidole chake kikiwa juu yake.

Khattab akaja. Akapima gesi, ipo. Akapima umeme, upo. Akabonyeza kitufe, likawaka. Akakuna kichwa, akanywa kahawa. Alhamisi ya pili ikawa vilevile, akabadilisha kifaa kinachotoa cheche. Baadaye akabadilisha vali, kisha akaagiza Uingereza ubongo wenyewe wa boila, ule ubao wa umeme. Kati ya ziara na ziara simu zikawa ndefu, zikaacha kuuliza habari za kioo. Khattab alimwita "mwalimu". Yeye alimwita "fundi wangu", akiujua utamu wa neno la mwisho. Akivaa lile abaya la nakshi za zambarau siku za F moja, mpaka Bi Hamdiya akauliza kwa nini mtu anavaa nguo ya arusi kumpokea fundi. Kule Rusayl mkuu wa Khattab, Bwana Musallam, alikuwa na swali jingine: boila gani hili linalokula vifaa kuliko linavyokula gesi?

Ndipo Khattab akasema kwa simu, taratibu, kwamba mambo haya hayafai kuendelea hivi. Rawya moyo ukamruka, akidhani amegunduliwa.

"Nataka kuja na baba yangu," alisema Khattab. "Kwa mlango wa mbele."

Rawya alicheka, akalia, akamwambia aje na kilemba kizuri kwa sababu ami yake huwatazama watu kuanzia juu.

Ami huyo, Bwana Ghanim, mdogo wa marehemu baba yake, ndiye aliyekuwa walii wake, mwenye idhini ya kumwozesha. Alikuwa mtu wa ofisi kubwa aliyestaafu, mpole, msafi, na asiyependa kuambiwa jambo kabla hajalitabiri. Alikuwa na kasoro moja ambayo yeye mwenyewe aliiona ni fadhila: aliamini Waunguja ni Waunguja na watu wa bara ni watu wa bara, wote Mungu kawaumba, ila si kwa ajili ya sahani moja. Lakini watu wa heshima hawakatai posa kwa kumtajia mtu asili yake. Hutafuta sababu yenye adabu, ikasimama mlangoni badala yao.

Siku ya posa Khattab alikuja kwa kanzu nyeupe na kilemba cha rangi ya zafarani. Baba yake, Mzee Mahfoudh, alivaa joho jeusi la pindo la dhahabu na jambia kiunoni, akatembea kwa fimbo, mtu mwembamba mwenye haya ya watu wazuri. Kahawa ilimiminwa. Mzee Mahfoudh alikiweka kikombe mbele yake bila kukigusa, kwani mwenye haja hanywi mpaka haja yake isikilizwe, akasema maneno yake mazuri, mafupi. Rawya alikuwa chumba cha pili, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Mikono yake ilinukia udi.

Ami Ghanim alisifu ukoo, akasifu safari, akasifu hali ya hewa. Kisha akamgeukia Khattab.

"Mwanangu, lile boila la shemeji yangu linazimika kila mara. Ugonjwa wake nini?"

Rawya alisikia fimbo ya mzee ikisogea.

"Sijui, ami," alisema Khattab.

"Umebadilisha vifaa vyote."

"Karibu vyote."

"Na hujui."

"Sijui."

Ami Ghanim akavuta pumzi ya huruma. Alisema hamvunjii mtu heshima, lakini mwanamke ni amana, na kijana aliyeshindwa na sanduku la ukutani majira yote ya baridi, mbele ya macho yao, watamkabidhije nyumba nzima? Mzee Mahfoudh aliutazama mkono wa mwanawe kana kwamba anauona mara ya kwanza. Kahawa mbele yake ilikuwa imeacha kutoa moshi.

Ndipo Ami Ghanim akainuka, akaja mpaka mlangoni. Alikuwa mtu wa sharia, asingetoa jibu bila kumuuliza mwenyewe.

"Rawya, binti yangu. Tunataka kuwaambia wageni nasibu haipo. Una neno?"

Neno alikuwa nalo. Lilikuwa fupi: ni mie niliyekuwa nikifunga gesi. Lakini baada yake lingekuja swali, kwa nini, na jibu la swali hilo, mbele ya wanaume wenye vilemba, lilikuwa kwamba binti wa marehemu alikuwa akimwita mwanamume nyumbani kwa hila, mama yake akiwa amelala. Alimtazama mama yake. Bi Hamdiya alikuwa pembeni yake, ameishika sinia kwa mikono miwili, akimwangalia kwa macho ya kumwomba, ingawa Rawya hakujua anamwomba aseme au anyamaze. Ulimi ule ulioogopwa na ukoo mzima ulikaa kinywani kama jiwe.

"Kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake," alisema Ami Ghanim, akarudi kwa wageni.

Kauli hiyo iliwekwa kwa ajili ya kuozesha. Siku ile ilitumika kufukuza.

Wageni wakaaga kwa adabu. Gari lao likaondoka polepole, kama gari la watu waliokuja kutoa rambirambi.

Rawya alipiga simu jioni ile, ikaita bila kupokewa. Alipiga kesho yake na kesho kutwa. Aliandika ujumbe, akafuta, akaandika. Hatimaye jibu moja likaja: "Usijali. Mwambie mama boila halitozima tena." Aliusoma akiwa amesimama, akakaa kitandani, akausoma tena, na mwili ukamwingia baridi ambayo hakuna sakafu ya joto ingeweza kuitoa.

Na kweli boila halikuzima. Nani angelizima? Liliwaka kila alfajiri kwa utiifu wa kuudhi, kioo chake safi, bila F yoyote, likimshuhudia Rawya kila alipoingia kufua. Akawa akienda uani anapitia mlango wa mbele ili asilione. Akaacha kula vizuri. Wanafunzi wake wakamuuliza kama anaumwa, akawajibu kwa sentensi nzima ya Kiingereza ili wajifunze, kisha akatoka kwenda kulia chooni.

Ijumaa moja wamekaa kwenye sinia ya biriani, Ami Ghanim akanyanyua tonge na kutabasamu.

"Mnaona? Tangu mkono wa yule kijana utoke humu, boila limepona."

Rawya akaweka tonge lake chini.

"Ami, halikuwa likiumwa. Mie nilikuwa nikifunga koki uani, kisha nikiifungua. Kila mara. Ili aje."

Bi Hamdiya akamuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kwa nini hakusema siku ile alipoulizwa. Rawya alisema aliona haya. Mama yake akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja, akasema kwamba siku ile yeye alikuwa akimwomba Mungu binti yake afungue mdomo, hata kama ni kusema upuuzi.

Na Ami Ghanim, mtu aliyezoea kutabiri kila kitu, alikaa akiitazama biriani kama aliyeulizwa swali la mtihani. Yafaa isemwe kwa haki yake kwamba hakugomba. Alisema amemhukumu mtoto wa watu kwa kosa lisilo lake, na zaidi ya hapo, alisema kwa taabu, hata lau boila lingekuwa zima siku ile, angetafuta kasoro nyingine. Akanawa, akampigia Mzee Mahfoudh palepale, akaomba radhi bila kuzunguka. Waliokuwa kwenye sinia walisikia sauti nyembamba ya mzee ikijibu kwa upole: wamesamehe, duniani na akhera. Lakini mlango ule wameshauona, na mwanawe amepata kazi Doha, Mungu awajaalie wote kheri.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya kwanza ya kazi kule, Rawya aliomba ruhusa shuleni, akaendesha mpaka Rusayl. Alikuwa hajawahi kufika. Ilikuwa ni maghala kwa maghala, malori, vumbi, wanaume kila upande, na yeye na abaya lake akishuka garini kama tausi aliyepotea njia. Khattab alikuwa uani mwa kampuni akipakia masanduku ya vitabu kwenye gari lake. Amevaa suruali na shati la kazi, kichwa wazi, ndevu hazijachongwa. Alimwona, akaacha sanduku hewani.

"Ulijua," Rawya alisema, bila salamu.

"Boila lina kumbukumbu, mwalimu. Gesi ikikatika yote mara moja kisha ikarudi yote mara moja, hiyo si hitilafu. Huo ni mkono wa mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza uliponiuliza kitufe kipi."

"Na vile vifaa vyote ulivyobadilisha?"

"Nilitaka sababu ya kukaa zaidi." Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Bwana Musallam hakuiona hivyo. Ana haki."

Akamuuliza kwa nini basi alisema hajui, alipokuwa na jibu mkononi. Khattab aliliweka sanduku chini.

"Nikutaje wewe? Mbele ya wanaume, ndani ya nyumba ya baba yako?"

Rawya alimwambia kwamba sasa amesema, kwenye sinia, mbele ya wote, ami mwenyewe amekiri. Khattab akasema amesikia kutoka kwa baba yake, na kwamba ulikuwa ushujaa, na hakusema kwa kejeli.

"Basi njoo tena," alisema Rawya. "Nitasimama mlangoni mwenyewe."

Nyuma ya Khattab winchi ilikuwa inashusha matangi ya plastiki, moja baada ya jingine.

"Niliposema sijui, nilikuwa nakungojea. Nilijua uko nyuma ya mlango. Nilijua utasema, na ukisema, mimi nitasimama nikutetee kwa kila kitu nilichonacho. Ami yako alipokuuliza, nilifurahi, Rawya. Nikamtazama baba yangu nikitaka kumwambia, subiri, sasa hivi utamsikia. Tukangoja. Alikuwa ameiacha kahawa yake mpaka ikapoa."

"Niliogopa."

"Najua. Sina hasira nawe, wallahi. Ila kila nikifikiria nyumba yetu, nasikia kile kimya."

Rawya alitafuta jibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutaka kupata la kuchekesha. Kwa watu wao lile neno jingine halisemwi. Mume na mke huzeeka pamoja, wakazaa, wakazikana, hawajawahi kulitamka kwa sauti. Yeye akalitamka. Hakulinong'ona, alilisema kwa sauti yake ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho.

"Khattab, nnakupenda."

Winchi ilisimama. Madereva wawili waliokuwa wakinywa chai kivulini wakageuza vichwa. Khattab aliweka mkono wa kulia kifuani, kama wanaume wa kule wanavyofanya wakipokea kitu kikubwa wasichoweza kukibeba. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nimesikia," alisema. "Laiti."

Alifunga mlango wa nyuma wa gari, akazunguka, akaingia, akaondoka taratibu kupita getini, taa ya kugeukia ikiwaka na kuzima mpaka kona ikamficha. Rawya alibaki uani pale na vumbi likimtua mabegani. Basi wale madereva, watu waungwana, wakagundua wote kwa pamoja kwamba magurudumu ya malori yao yanahitaji kukaguliwa, wakainama upande wa pili na kumwachia nafasi ya kulia.